Kuujua Mwisho

Mbele ya hadithi mtu hukalishwa na mambo mawili: hamu ya kujua litakalotokea, na raha ya kuona namna linavyotokea. Mara nyingi mawili haya huja yameshikana mikono hata ikawa vigumu kuyatenga, lakini si jambo moja. Hutokea siku msemaji mwenye haraka akaufichua mwisho wa sinema kabla sinema yenyewe haijaanza. Hapo ndipo mawili haya huachana, na mtazamaji akapata kupima kilichobaki mkononi mwake na kilichompotea. Je, amenyang'anywa sinema nzima, au amenyang'anywa kipande chake tu? Na ikiwa ni kipande, ni kile kilicho bora au kile kilicho duni? Swali hili ni dogo kwa sura, lakini limewagombanisha marafiki wengi. Na jibu lake si dogo, maana anayelijibu hana budi aseme hadithi humpa binadamu kitu gani.

Ugomvi huo si mgeni Magomeni. Magomeni hii si ile ya Dar es Salaam, bali ni kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, katika pwani ile ya kusini iendeleayo mpaka mlango wa mto Ruvuma. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, sinema iliwafikia watu wengi si kwa njia ya jumba kubwa lenye viti vya sponji, bali kwa njia ya kibanda chenye mabenchi, runinga moja, na pazia mlangoni. Watu wamekiita kibanda umiza, na aliyepata kukaa humo saa za mchana hahitaji kuelezwa sababu. Humo mtazamaji hatazami peke yake. Wapo waliokwisha kuiona picha hiyo jana, na wapo walioifuata leo kwa mara ya kwanza, na benchi ni moja. Aliyeiona jana hushindwa kuuzuia ulimi: "Huyo msimwamini, ndiye muuaji." Benchi zima humgeukia: "Nyamaza bwana, tuache tuone wenyewe!"

Lakini katika kibanda hicho hicho kuna mwisho mwingine ambao hakuna asiyeujua, wala hakuna aukasirikiaye. Shujaa wa picha, yule aitwaye steringi, hafi. Mtoto wa miaka 7 anajua hivyo, naye husema kwa sauti kubwa wakati steringi amezungukwa na maadui ishirini ukingoni mwa jabali. Hakuna amwambiaye anyamaze. Watu wanajua kwamba atapona, na juu ya hayo mikono yao inakaza ukingo wa benchi. Kama kuujua mwisho kungaliiua sinema, picha za namna hiyo zingalikufa zamani, na kibanda kingalifungwa. Basi kuna mwisho ambao ukijulikana huleta matusi, na kuna mwisho ambao ukijulikana huleta makofi. Tofauti yake ni nini?

Wenye kuutetea usiri wana hoja, na hoja yao imeheshimiwa na mabingwa. Mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952, na imekuwa desturi kwamba mwishoni mwa onyesho watazamaji huombwa wasimwambie mtu wa nje muuaji ni nani. Alfred Hitchcock alipoitoa filamu ya Psycho mwaka 1960 alikaza zaidi: mtu aliyechelewa hakuruhusiwa kuingia baada ya picha kuanza, na watazamaji walisihiwa wasiutoboe mwisho. Hoja ya watu hawa yafanana na sheria ya kitendawili. Anayetega hupewa nafasi ya kutega, na anayetegewa hupewa nafasi ya kufikiri, kukosea, na kufikiri tena. Akitokea wa tatu akapayuka jibu, amewadhulumu wote wawili: mmoja amemnyang'anya fumbo lake, na mwingine amemnyang'anya akili yake kabla hajaitumia.

Hata hivyo, upande wa pili nao haukukosa mashahidi. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hadithi fupi 12. Baadhi ya hadithi hizo zilikuwa za upelelezi, baadhi zilikuwa na mageuzi ya ghafula mwishoni, na baadhi zilikuwa hadithi za fasihi zisizotegemea fumbo. Kundi moja la wasomaji lilipewa hadithi ikiwa imetanguliwa na aya ifichuayo mwisho, na kundi jingine lilipewa hadithi tupu. Kwa wastani, waliofichuliwa mwisho walizipa hadithi alama za juu kuliko wasiofichuliwa. Habari hiyo ilishangaza wengi, lakini haikukaa muda mrefu bila mpinzani. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walichapisha jaribio lao, nalo likaonyesha kinyume: hadithi zisizofichuliwa zilifurahisha na kusisimua zaidi. Wenye elimu wakipishana namna hiyo, si lazima mmoja awe mwongo. Yamkini swali lenyewe lina maswali mawili ndani yake, na kila mmoja amelijibu lake.

Hitchcock yule yule aliyefunga milango mwaka 1960 ndiye anayeweza kuyatenga maswali hayo. Katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyotolewa kwa kitabu mwaka 1966, alitoa mfano wa watu wanaoongea mezani ilhali chini ya meza pana bomu. Watazamaji wasipojua habari ya bomu, nalo likalipuka, watapata mstuko wa sekunde chache. Wakijua kwamba bomu lipo na saa yake inakwenda, maongezi yale yale ya upuuzi yatawatesa kwa dakika nzima nzima. Watatamani kuwaonya waliomo pichani. Mstuko, basi, huzaliwa na kutojua. Lakini taharuki mara nyingi huzaliwa na kujua. Mstuko huja mara moja ukaondoka. Taharuki huweza kurudi kila mtu anapoirudia hadithi, kwa kuwa haikai katika habari, bali hukaa katika moyo wa mtu anayemwona mwenzake akielekea kwenye shimo asiloliona.

Katika fasihi ya Kiswahili jambo hili lina mfano ulio bora kuliko bomu la mezani. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa mchezo wake wa Kinjeketile mwaka 1969. Hakuna Mtanzania aliyepita shuleni asiyejua kwamba vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu 1905 hata 1907, vilishindwa, na kwamba maji hayakuzuia risasi. Mwandishi hakuwa na siri ya kuificha. Lakini mtazamaji anapowaona watu wa makabila mbalimbali wakiungana kwa nguvu ya maji yale, moyo wake hupasuka pande mbili: anaufurahia umoja wao, na anajua gharama itakayolipwa. Na Kinjeketile anapotakiwa mwishoni atamke kwamba maji yalikuwa uwongo, naye akakataa, uzito wa kukataa kwake watoka katika yale ambayo mtazamaji aliyajua kabla hajaketi. Mtu asiyejua lolote juu ya vita hivyo angaliuona mchezo mwembamba zaidi. Hapa ujuzi haukuharibu kitu. Ujuzi ndio uliojenga.

Wala Hussein hakuanzisha desturi mpya. Habari ya vita hivyo ilikuwa imekwisha tungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, na utenzi wake ulichapishwa mwaka 1957 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kabla yake, tangu Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, watu wa pwani wamezoea kukaa usiku kusikiliza habari za vita ambavyo mshindi wake anajulikana na kila aliyeketi mkekani. Maulidi husomwa mwaka baada ya mwaka, na hakuna ahudhuriaye kwa kutaka kujua kilichotokea. Watu huenda kusikia sauti, kupima ufundi wa msomaji, na kuungana na wenzao pale ambapo kila mmoja anajua kwamba moyo utaguswa. Tabia hiyo hiyo iliingia katika majumba ya sinema. Filamu ya Kihindi ya Awaara, iliyotolewa mwaka 1951, ilikuwa na wapenzi wengi Unguja na Dar es Salaam ambao waliirudia tena na tena, na nyimbo zake wakazijua. Mtu wa namna hiyo hakulipa kiingilio cha pili kwa kuwa alisahau mwisho.

Baadaye vibanda vya video vilipoenea, Tanzania ilipata ufundi mwingine ulioushika mwisho na kuuchezea. Ni ufundi wa wasimulizi wa filamu, ambao mashuhuri wao ni Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Uganda wana wasimulizi wao, na Kenya wamempata DJ Afro. Msimulizi huchukua filamu ya kigeni, akaitilia sauti yake, akatafsiri, akatania, akawapa wahusika majina yanayofahamika mtaani, na mara kwa mara akadokeza litakalompata mtu kabla halijampata. Mtaalamu wa Kijerumani, Matthias Krings, aliyeandika juu ya kazi hiyo, aliuita ufundi huo kuugeuza wali kuwa pilau. Sifa hiyo inafaa. Alaye pilau hafurahii kwa kuwa hakujua kwamba ndani yake kuna mchele. Anajua mchele upo, na anatafuta bizari. Wasomi waliopata kuwacheka watu wa vibandani kwa kuwa hutazama picha iliyokwisha kusemwa wangefanya vema kukumbuka kwamba Wagiriki wa kale nao walikwenda kutazama misiba ya wafalme ambao habari zao walizisikia utotoni.

Kufikia hapa mizani imeelemea upande mmoja, na msomaji mwepesi aweza kuamua kwamba basi kila mwisho na utobolewe. Haifai kuamua hivyo kabla ya kufikiri habari ya mzee mmoja na mpwa wake, watu wa Magomeni, ambao walipishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu bila kuvunjiana heshima.

Kijana huyo alikuwa mlinzi mkali wa mwisho. Akisikia wenzake wanazungumza juu ya picha asiyoiona, alitoka nje. Mjomba wake alikuwa kinyume chake. Alikuwa mvuvi maisha yake yote, na kila alipoalikwa kutazama picha, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Mwishowe je?" Siku moja iliwekwa Titanic, ile ya James Cameron ya mwaka 1997. Mzee akauliza kama desturi yake.

"Mjomba," kijana akasema, "meli itazama. Dunia nzima yajua."

"Meli najua. Ilizama tangu 1912. Nauliza yule kijana na yule binti."

"Sasa nikikwambia, mjomba, utatazama nini?"

"Nitawatazama wao."

Kijana alikasirika kidogo, lakini mkubwa hajibiwi kwa hasira. Akaona afadhali anyamaze. Ndipo mzee akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza kabla. Alikuwa na ndugu yake aliyetoka na ngalawa kuelekea Msimbati, na upepo ukabadilika. Siku tatu watu wa nyumbani walikaa ufukoni, kila tanga lililotokea likawainua, na kila tanga lilipokaribia likawaketisha. Siku ya nne bahari ikajibu, na jibu lake lilikuwa zito; lakini mzee alisema kwamba jibu lile halikumtesa kama siku tatu zile zilivyomtesa. "Tangu hapo, mpwa wangu, kutojua si mchezo kwangu. Ukiniambia mwisho nitakaa. Usiponiambia nitaondoka, maana sitaona picha. Nitaona ufuko tu."

Kijana aliinama akamnong'oneza jibu. Jibu lenyewe halitaandikwa hapa, kwa kuwa yamkini yupo msomaji ambaye hajaiona filamu hiyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akakaa mpaka mwisho, na machozi yakamtoka mahali ambapo watu wote hutokwa na machozi. Kuujua mwisho hakukumzuia kulia. Kulimruhusu.

Hoja ya mzee haikuwa kwamba siri haina maana. Mtu wa rika lake, aliyekulia kati ya Wamakonde, hawezi kuidharau siri. Wamakonde, walioenea ng'ambo zote mbili za Ruvuma, wana ngoma ya vinyago ambayo upande wa Tanzania huitwa midimu, na upande wa Msumbiji mapiko. Mchezaji huvaa kichwani kinyago cha mti, na mwili wake hufunikwa kwa nguo hata asitambulike. Kwa desturi ya zamani, wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza si mtu, bali ni mzimu uliotoka kwa wafu. Mvulana alipopelekwa jandoni alionyeshwa siri: chini ya kinyago pana mtu, yamkini jirani yake.

Kama mwisho ukijulikana huiua raha, basi ngoma ya midimu ingalikufa kwa kila mvulana siku ile ile alipotoka jandoni. Haikuwa hivyo. Aliyejua siri ndiye aliyeanza kuitazama ngoma kwa macho mapya. Jana alikimbia kwa hofu. Leo anaona jinsi miguu inavyofuata ngoma, jinsi bega linavyotetemeshwa na kichwa kikatulia, jinsi mtu anavyojisahau hata akawa asiye mtu. Hofu ilitoka, na kustahi ufundi kukaingia mahali pake. Tena watafiti wameandika kwamba wanawake wengi waliijua siri kwa njia zao, nao wakaendelea kukimbia na kupiga vigelegele kama wasiojua, kwa kuwa ngoma ilihitaji hivyo. Wote waliokuwapo uwanjani walikuwa na ujuzi zaidi ya walioukiri.

Lakini desturi hiyo hiyo, iliyoonyesha kwamba ujuzi hauharibu ngoma, ilimwadhibu vikali mtu aliyeitoboa siri kwa asiyeingia jandoni. Mtu wa haraka ataona hapo pana kigeugeu: ikiwa siri haiharibu kitu, kwa nini iadhibiwe? Jibu ni kwamba adhabu haikuwa kwa ajili ya ngoma. Ngoma ilikuwa salama. Adhabu ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto yule alikuwa na haki ya kuogopa kwanza na kujua baadaye, kwa mpango huo. Aliyemwambia kabla ya wakati hakumwongezea ujuzi, maana ujuzi ungalimfikia tu. Alimwondolea hatua moja ya safari, na hatua hiyo haina njia ya kuirudia.

Hapa ndipo ulipo mkataa wa jambo hili. Kuona bila kujua na kuona kwa kujua ni raha mbili, na kila moja ina heshima yake. Lakini hazikuwekwa sawa mlangoni. Asiyejua aweza kuambiwa wakati wowote anapotaka. Kesho ataitazama picha hiyo hiyo kwa kujua, na keshokutwa vile vile, hata mara mia. Aliyekwisha kuambiwa hawezi kurudishiwa kutojua kwake, hata mwenye kumwambia akijuta na kulia. Maji yakimwagika hayazoleki. Raha ya kujua ni kisima, na raha ya kutojua ni kata moja ya maji. Aimwagaye kata ya mwenzake hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kisima kingalipo.

Kwa hivyo swali la kwamba mwisho ukijulikana huharibu sinema limeulizwa kwa sinema, na lilipasa kuulizwa kwa watu. Sinema njema haiharibiwi; chema chajiuza, na iliyo hafifu hata usiri mkubwa hauwezi kuiongezea mafuta. Anayeweza kudhulumiwa ni mtazamaji, naye hudhulumiwa kwa njia mbili: kwa kuambiwa asichouliza, na kwa kunyimwa alichouliza. Kijana wa Magomeni aliyetoka nje apate kuulinda mwisho wake alikuwa na haki, na mjomba wake aliyeutaka mwisho kabla ya kukaa alikuwa na haki. Mwenye makosa ni yule wa benchi aliyedhani kwamba kwa kuwa yeye amekwisha kuona, macho ya wenzake ni mali yake.

Kosa hilo si la vibandani tu. Hutendeka katika vyuo, tena kwa sauti ya elimu. Vitabu vingi vya fasihi huja na utangulizi ambao, kabla msomaji hajakutana na mhusika hata mmoja, humweleza nani atakufa na kifo chake kina maana gani. Mwalimu naye huingia darasani saa ya kwanza akaufungua mwisho ubaoni, kwa sababu mtihani hauulizi mwanafunzi aliona nini, bali huuliza mwandishi alikusudia nini. Mwanafunzi hutoka akiwa na maana ya kitabu ambacho hakukiona kikimtokea. Tiba yake ni nyepesi, wala haigharimu kitu: maelezo yawekwe nyuma ya kitabu, na saa ya kwanza ya darasa iwe ya kusoma kwa sauti. Anayetaka kujua mapema atafunua kurasa za mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na hapana atakayemlaumu.